Jinsi Hyasinta Alivyomzeesha Mchungaji

Tueni majembe, enyi wana wa Ganako, mbaazi zitangoja. Nanyi wa Malambo, waacheni ng'ombe wanywe, mje msikie habari za Hyasinta binti Hhando, Mama Adrian, Simba wa Brashi, aliyepigana vita katika uso usiozidi ukucha wala asirudi nyuma.

Ilikuwa mkesha wa Noeli, adhuhuri, na pango la kanisani halikuwa na wachungaji. Hyasinta alikuwa ameapa kuwachonga na kuwapaka rangi mwenyewe, kwa nyeupe iliyobaki ya kuta za kanisa na nyeusi iliyobaki ya geti. Katekista Remigius, mtu wa tahadhari, alikuja na mfuko wa wachungaji wa plastiki kutoka Arusha, maana kondoo wa Hyasinta wa mwaka jana waumini waliwadhania fisi. Aibu ile ilikuwa bado inamchoma shujaa wetu. Ama aifute, ama ahame kwaya.

Basi alipokwisha kuwachonga kwa mbao, akawavika wachungaji shuka nyeusi za rangi, wakapendeza. Mkubwa wao, mwenye ndevu nyeupe na fimbo, akamchora mistari myeupe usoni, kwa kuwa aliwahi kuwaona Wamasai wa namna hiyo njiani kuelekea kreta. Kisha akamwita jirani yake Soila, mzaliwa wa Malambo, aje ashuhudie utukufu.

Soila akatazama, akaketi chini, akacheka mpaka machozi.

"Mama Adrian, huyu babu ametahiriwa juzi? Nguo nyeusi na chaki usoni ni za vijana waliotoka jandoni! Na ndevu zote hizi, alikuwa anasubiri nini?"

Remigius akakohoa, akaufungua mfuko. "Mama, plastiki haina lawama."

"Katekista, funga mfuko huo!" akanguruma Hyasinta. "Uso huu nimeuingia mwenyewe, na nitautoka mwenyewe! Nawe Soila, cheka taratibu, unanitikisia meza!"

Akadondosha nyeusi ndani ya nyeupe, na tazama, kijivu kikazaliwa. Kwanza akaifunika shuka ya mzee kwa kijivu hicho. Kisha akazuia pumzi, akaushambulia uso kwa ncha ya brashi, huku nzi akimvamia kutoka upande wa jikoni na jasho likimteremka puani. Mstari mmoja baada ya mwingine ukafifia, na chaki ya ujana ikageuka mikunjo ya uzee.

Mzee akasimamishwa pangoni. Soila akasogea, midomo tayari kwa dhihaka nyingine. Badala yake, mbele ya mtu mwenye urefu wa kidole, akainamisha kichwa kama wanawake wa kwao wanavyowainamia wazee, ili aguswe.

"Papa, supai," akamwamkia kwa Kimasai kama baba yake, bila kucheka hata kidogo.

Remigius akaurudisha mfuko stoo. Lakini mkono wa mbao ulikuwa mfupi mno, kwa hiyo Hyasinta, akilia kwa furaha, akamgusa Soila utosini kwa niaba ya mzee, akamwachia doa la kijivu. Soila akaenda nalo misa ya usiku, mbele ya Karatu nzima, wala hakulifuta.