Waraka wa Kilo Tano

Umma wa Kariakoo ulitangaziwa kwa kipaza sauti, Jumatatu saa mbili asubuhi, kwamba Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Kudhibiti Lumbesa na Mikokoteni amekubali kupungua. Hakulazimishwa na mtu. Amekubali kwa moyo mweupe na kwa maslahi mapana ya taifa, na wananchi waliombwa waendelee na shughuli zao kwa utulivu.

Wananchi waliendelea. Msukuma mkokoteni mmoja wa Mtaa wa Narung'ombe aliuliza kama bosi akishapungua na mlango wa ofisi utapunguzwa, akaambiwa swali hilo alilete kwa maandishi.

Mamlaka hiyo, kwa asiyeijua, kazi yake ni kuhakikisha hakuna gunia linalojazwa kupita kiasi. Gunia likishonewa kilemba juu, likazidi kipimo, hiyo ndiyo lumbesa, na mwenye nalo hufunguliwa mzigo hadharani watu wakitazama. Mkurugenzi Benedict alikuwa na kilo mia na hamsini na nane, lakini hakuwa gunia, kwa hiyo sheria haikumgusa.

Aliyezijua kilo hizo kwa uhakika ni mama yake mzazi, Mama Clotilda, muuza ndizi, maana mtoto alipimwa kwenye mizani yake. Hospitali walikokwenda, huko Upanga, ilikuwa na mizani nzuri ila inaishia mia na hamsini. Daktari Charmi, dada mwembamba mwenye sauti ya mwalimu wa hesabu, aliwaambia wakapime kwenye mizani ya mizigo, aliyepima asaini karatasi, wamletee. Mama Clotilda anayo ya chuma, ile ya kusimama juu na kusukuma jiwe kwenye mkono wake. Ndiyo aliyompimia Benedict akiwa mchanga, kilo nne na nusu, na hata siku ile majirani walisema huyu kazidisha.

"Nitalikata tumbo libaki na ukubwa wa ndizi moja," Daktari Charmi alieleza.

"Mshare au mzuzu?" aliuliza Mama Clotilda.

"Ya kawaida tu, mama. Lakini tumbo halinitishi. Linalonitisha ni ini. Limenona, limelala juu ya tumbo kama mtu na godoro lake. Kwa siku kumi na nne ale hivi nilivyoandika, ini lisinyae, nipate njia ya kupita. Asiposhuka hata kilo tano nitajua hajafuata. Nikiingia ini likiwa hivi, naweza kulichana. Na ini likichanika, mama, ile damu haisubiri mtu."

Benedict alikuwa kwenye simu. Kwa hiyo maneno hayo yaliingia sikio la mama peke yake, yakakaa humo.

Karatasi yenyewe ilikuwa fupi. Supu iliyochujwa mpaka uone chini ya bakuli. Maziwa yaliyotolewa mafuta. Mboga za majani za kuchemsha, kiganja kimoja. Maji. Hakuna ndizi, hakuna ugali, hakuna wali, hakuna sukari, hakuna pombe. Mama Clotilda aliishia darasa la saba, akaisoma mara moja akaielewa. Waliosoma zaidi yake ilibidi waunde kamati.

Kamati iliundwa siku hiyohiyo na Wilbert, Katibu wa Mamlaka, mtu ambaye hajawahi kuona jambo likaenda bila kikao. "Mheshimiwa," alisema, "mlo wako si mlo wa mtu binafsi. Ni mlo wa taasisi. Huwezi kuachiwa mzigo huo peke yako." Benedict akaona kweli, mzigo ni mkubwa. Ndipo ukatoka Waraka Namba Saba wa Mshikamano wa Mlo, ukipeleka karatasi ya daktari kwa watumishi wote thelathini na mmoja. Kila mtumishi, bila kujali cheo, atafuata mlo ulioambatishwa. Asiyepungua kilo tano ifikapo siku ya kumi na nne atahesabika amejiondoa kazini kwa hiari yake.

Maneno "bila kujali cheo" aliyaongeza Wilbert, kwa sababu waraka usiokuwa nayo unaonekana mfupi. Mkurugenzi akasaini bila kusoma, kama inavyotakiwa. Muhuri ukagongwa, nakala ikaenda wizarani.

Watumishi walipokea kwa mikono miwili, hasa kwa kuwa ajira hakuna. Elisaria, mlinzi wa getini, alikuwa na kilo hamsini na moja tangu aoe. Alikwenda kuuliza hizo tano atazitoa wapi.

"Kila mtu anazo akiba," Wilbert alimjibu. "Zitafute."

Mama Clotilda alilala usingizi mzuri siku tatu, akijua mwanawe anakunywa supu. Siku ya nne alikuja Melkiori, dereva wa Mkurugenzi, akasimama mbele ya kizimba cha ndizi akiwa amekonda mashavu.

"Shikamoo mama. Naomba chane nne za mshare."

"Marahaba. Za nani?"

"Za bosi. Za mtori."

"Benedict hatakiwi kula ndizi."

"Hali, mama. Anakunywa. Ndizi zikishapondwa kuwa mtori ni kimiminika, imepitishwa."

"Imepitishwa na nani?"

"Na Kamati ya Tafsiri. Wamesema chochote kinachopanda kwenye mrija ni kimiminika. Supu ya makongoro imepita, askrimu imepita, pombe ya mbege imepita, wameiandika uji uliokomaa. Mishikaki tu ndiyo imeahirishwa, mpaka ipatikane blenda yenye nguvu." Melkiori akameza mate. "Mama, naomba nikae hapo kwenye kreti kidogo. Macho yanafanya giza."

Mama Clotilda alimkatalia ndizi, akamkalisha kwenye kreti. Kisha akachemsha kuku, akachuja mchuzi mara tatu kwa kitambaa cheupe, akajaza chupa ya chai na kupanda ngazi mpaka ofisi za Mamlaka, ghorofa ya nne. Njia aliijua. Miezi saba alikuwa akipanda hapo kufuatilia kibali cha kuegesha mkokoteni mbele ya kizimba chake, na kila mara dirishani anaambiwa kwa adabu nzuri: "Ombi lako limepokelewa, mama, linafanyiwa kazi. Pita wiki ijayo." Mwanawe alimweleza kwamba angempa yeye kibali ingeonekana upendeleo. Alimwelewa. Ni mtoto aliyelelewa vizuri.

Ofisini palikuwa kimya kama kwenye chumba cha mtihani. Watu wameinamisha vichwa juu ya meza, na katikati ya kimya hicho inapita harufu ya mtori wenye nyama, inatoka chini ya mlango wa Mkurugenzi.

"Shikamoo mama," alisema Benedict, akiondoa mrija mdomoni. Mrija ulikuwa mnene, wa bomba la maji. Uliagizwa maalumu, ule wa soda ulikuwa unaziba.

"Marahaba. Hicho nini?"

"Kimiminika."

"Benedict."

"Mama, hili ni suala la kitaalamu. Lina kamati yake."

"Nilikuwepo daktari akisema. Alisema ini lisiposinyaa atalichana. Alisema damu haisubiri."

Wilbert alikohoa. Alikuwa na bakuli lake dogo, kwa kuwa kila mtori lazima uthibitishwe na Katibu kwamba ni kimiminika kabla haujafika mezani. "Mama yetu, hayo ya ini yamejadiliwa. Kamati imejiridhisha kwamba ini litatoa ushirikiano."

"Kamati ndiyo itakayopasuliwa?"

Wilbert aliandika swali hilo kwenye kumbukumbu za kikao, akalipangia siku.

Mama Clotilda aliiweka chupa mezani. Akamtazama mwanawe, vile anavyohema kwa kukaa tu, jasho limelowesha kola. "Kunywa mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Kunywa hata kikombe kimoja, nikuone."

Benedict alimimina kidogo kwenye kifuniko, akatazama. "Mama, hii mbona inaonyesha chini?"

"Ndivyo inavyotakiwa."

"Nitaipeleka kamatini," alisema.

Mama Clotilda alirudi tena siku ya nane na siku ya kumi na moja. Mara zote mbili alijaza fomu ya wageni, akaandika sababu ya kuja: mtoto. Siku ya nane blenda ilikuwa imefika. Siku ya kumi na moja aliikuta chupa yake ya kwanza juu ya kabati, haijafunguliwa, imebandikwa karatasi: INASUBIRI MAAMUZI.

Siku ya kumi na nne ilipangiwa sherehe. Barazani Mtaa wa Narung'ombe palifungwa turubai, vikapangwa viti, na kutoka wizarani akaja Bibi Jacqueline, mama mmoja mkimya mwenye faili la kijani. Wilbert alikuwa amenunua mizani ya kisasa ya umeme, lakini Mkurugenzi alipoijaribu ofisini ilitoa herufi tatu badala ya namba. Wilbert alizitafsiri kuwa ni pongezi, ila hazikufaa kuandikwa kwenye hati. Na hati ilihitajika. Kesho yake saa moja asubuhi Benedict alikuwa analazwa, na Daktari Charmi alikuwa anasubiri karatasi yenye kilo na sahihi. Basi ikaombwa mizani ya Mama Clotilda, na Mama Clotilda mwenyewe, kwa kuwa jiwe lile hakuna mwingine anayejua kulisukuma.

Watumishi walianza kupanda. Leticia wa masjala, kilo sita chini. Melkiori dereva, saba. Watu wakapiga makofi. Elisaria mlinzi alipanda akiwa ameshika suruali kwa mkono, akasoma arobaini na sita kamili. Alizipata. Alishuka kwa kusaidiwa.

Zamu ya Mkurugenzi ilipofika, alivua koti. Akavua viatu, mkanda, saa, akatoa simu mbili mfukoni. Alitaka kuvua na soksi, Wilbert akamwambia inatosha. Kisha Wilbert akainama sikioni mwa Mama Clotilda, na pumzi yake ilinukia makongoro.

"Mama, kiti cha mwanao kiko juu ya hiyo mizani pamoja naye. Mia na hamsini na tatu. Soma kwa hekima."

Benedict akapanda. Chuma kikalia.

Mama Clotilda alisukuma jiwe taratibu. Lilipita mia na hamsini na tatu bila kusita. Likapita mia na hamsini na nane. Mkono wa mizani ukatulia, akabaki anautazama. Akisema mia na hamsini na tatu, mwanawe atabaki na kiti, na gari, na watu wanaomsimamia akipita. Na kesho asubuhi karatasi itakwenda Upanga na sahihi yake yeye mama chini, na daktari atamfungua mtoto akitafuta njia ambayo haipo.

Miaka thelathini na minane ameuza kwa mizani ile, hajawahi kumpunja mtu. Leo anaombwa aanze na wa tumboni mwake.

"Mama," alinong'ona Benedict kutoka juu, "unasoma au husomi?"

"Mia na sitini na moja," alisema Mama Clotilda, kwa ile sauti ya sokoni ambayo inafika ng'ambo ya barabara.

Halafu yule msukuma mkokoteni wa swali la mlango, ambaye bado hakuwa amelipeleka kwa maandishi, akasema, "Hiyo lumbesa, mama. Ifunguliwe."

Hata waliokuwa hawana nguvu ya kucheka walicheka.

Bibi Jacqueline hakucheka. Alifungua faili la kijani, akatoa nakala ya Waraka Namba Saba, akauliza, "Sahihi hii ni ya nani?"

"Yangu," alisema Benedict.

"Na muhuri?"

"Wetu."

"Bila kujali cheo," alisoma Bibi Jacqueline. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Waraka mzuri. Umeandikwa kwa uadilifu. Wizara inakupongeza kwa kuusimamia mpaka kwako mwenyewe, na inapokea kujiondoa kwako kwa hiari."

"Kwa tafsiri ya kamati..." alianza Wilbert.

"Katibu umeshapima?"

Wilbert alikuwa hajapima. Alipanda. Kuthibitisha mtori kila siku kulikuwa kumemwongezea kilo tatu, naye akapongezwa kwa kujiondoa. Wajumbe wengine wa Kamati ya Tafsiri, waliokuwa wakisaidia kuthibitisha, walipongezwa kwa pamoja ili kuokoa muda. Jioni hiyo hapakuwa na kiongozi wa kufunga ofisi, akaifunga Elisaria, na funguo zikabaki kwake mpaka utakapotolewa utaratibu mwingine.

Mama Clotilda aliisaini karatasi, mia na sitini na moja, akaipeleka Upanga mwenyewe. Daktari Charmi aliisoma, akaisogeza mbele tarehe ya upasuaji siku kumi na tano. "Tunaanza upya, mama. Safari hii nani atasimamia?"

"Mimi."

"Peke yako? Hakuna kamati?"

"Hakuna."

Benedict alihamia chumba cha nyuma kwa mama yake, maana aliyetoka kwenye cheo hana dereva wa kumfuatia makongoro. Asubuhi bakuli la supu, mchana bakuli la supu na kiganja cha mchicha, jioni maziwa. Chini ya bakuli, kwa ndani, kulikuwa na ua jekundu, na mama hakuondoka mezani mpaka wote wawili wameliona. Siku ya pili mtoto alikasirika. Siku ya tatu alilia kidogo, akasema ni kichwa. Siku ya tano, jirani akipika mtori dirisha liko wazi, alikuja jikoni taratibu.

"Mama, nusu ndizi. Nusu tu."

"Andika."

Aliandika. Alikuwa na mwandiko mzuri wa kiofisi. YAH: OMBI LA NUSU NDIZI. Akaeleza sababu nne, akasaini, akaitoa kwa mikono miwili. Mama Clotilda aliisoma yote bila haraka, akaikunja, akaiweka chini ya kopo la sukari ambalo siku hizo halikuwa na sukari.

"Ombi lako limepokelewa, mwanangu," alisema. "Linafanyiwa kazi. Pita wiki ijayo."

Siku ya kumi na nne mizani ilisoma mia na hamsini na moja. Kesho yake Benedict akalazwa. Mama yake alikaa kwenye benchi la korido na chupa yake mapajani mpaka Daktari Charmi alipotoka akivua barakoa.

"Ini lilinipisha, mama," alisema. "Amelala, anahema vizuri."

Mama Clotilda alifungua chupa, akanywa supu yake mwenyewe, maana tangu asubuhi hakuwa ametia kitu mdomoni.

Kibali cha mkokoteni alikipata wiki iliyofuata. Elisaria alikikuta kwenye droo, kimesainiwa toka mwezi ule wa kwanza alioomba. Lile la nusu ndizi bado linafanyiwa kazi.