Kumufundisha Mama Nicolas Bunduki

Siku ya posho, Jumamosi, tarehe 2 mwezi wa munane, 1969

Leo nimepiga risasi gunia ya makala, makaa ya kupikia. Ninaandika kweli sababu kitabu hiki ni changu na hakuna mwingine wa kukisoma. Mu pori ya upande wa Koni niliona nyama imelala chini ya muti, nyeusi, nono, imetulia kabisa. Nikapiga. Muntu akatoka nyuma ya muti, mikono juu, akilia mama yake. Nilimukemea vikali: sababu gani unaweka gunia mu njia ya wawindaji? Akaomba musamaha. Vizuri.

Miye Philippe Kisimba, miaka makumi tatu ku moto wa kampani, kuyeyusha shaba, na mwindaji wa kunipita hayuko mu cité hii yote ya wafanyakazi. Watu wanajua. Macho yangu ni mazima. Vitu vya karibu ninaviona vyote, hata mistari ya kitabu hiki. Vitu vya mbali tu ndivyo vimekuwa vivivu.

Shida ni desturi yetu. Mwindaji akirudi mikono mitupu, hawamuulizi mwindaji. Wanauliza muke wake: ulibaki na nani nyumbani? Sababu muke akichafua nyumba, risasi ya bwana inapotea. Tangu Pasaka nimerudi mutupu mara tatu. Leo ya ine. Na Symphorien, ule fundi wa kushona wa mulango wa pili, mufuga sungura, ambaye hajapiga hata panya mu maisha yake, aliuliza kwa sauti pale ku robinet ya maji, mbele ya wanamuke wote: eh, Mama Nicolas, leo tena? Ni nani huyu mwenye bahati? Wakacheka mpaka ndoo zikamwagika.

Mama Nicolas ni Hortense, muke wangu. Iko na miaka makumi tano na munane na magoti mabaya. Aliingia, akaweka ndoo chini, akasema polepole: Baba Nicolas, waniite malaya mara moja tena juu ya macho yako, naenda kwa ndugu yangu Fidèle ku Mulungwishi. Sitarudi.

Juu ya macho yangu! Macho gani?

Na miye nimekwisha kuahidi swala kwa sikukuu ya Mama Maria, tarehe 15. Mbele ya padiri. Kwa sauti.

Siku ya Mungu, tarehe 3

Akili imenijia mu misa, wakati wa mahubiri. Mama Nicolas atapiga, miye nitabeba nyama. Yeye iko na macho, miye niko na jina. Nyama itafika, midomo ya robinet itafungwa, muke atabaki. Nani mwingine mu Likasi angefikiri hivi?

Nimemwambia ni bega. Bega linaniuma, daktari amekataza. Alinitazama. Akasema juzi nimesalimia mbuzi ya jirani yetu Emérance na kuiuliza habari za watoto. Nilimujibu kwamba mbuzi ile iko na adabu kupita mwenyewe. Amecheka! Mwezi muzima hakucheka.

Amekubali. Lakini na sharti moja: nisimupigie kelele, yeye siyo mufanyakazi wangu wa ku moto. Nimeapa. Ni rahisi. Miye ni muntu mupole, kila mwenye akili anajua.

Siku ya kazi ya kwanza, tarehe 4

Somo la kwanza. Ku barrière ya barabara askari waliuliza sababu gani mwanamuke anabeba bunduki. Mama Nicolas akajibu kwamba kuni anabeba yeye, maji anabeba yeye, na hata muzee huyu ni yeye anayemubeba, basi bunduki ni kitu gani? Wakacheka, wakatazama karatasi yangu ya bunduki yenye muhuri, wakatuacha. Ile ya muzee sikuipenda.

Nimemueleza bunduki saa mbili nzima. Nilianza na hadithi ya nyati yangu ya 1938, mwalimu muzuri anaanza na mwanzo. Aliuliza kama nyati hiyo itakufa kabla ya jua kushuka. Halafu akapiga. Bunduki ikamusukuma, akaanguka kitako mu majivu ya majani yaliyoungua. Nikamufundisha kwamba hata kuanguka ameanguka vibaya. Labda sauti yangu ilipanda kidogo. Alisimama, akakung'uta kikwembe chake cha kiunoni, akachukua bunduki, akarudi nyumbani bila kugeuka. Miye nyuma, ninafuata kitambaa chake chekundu. Kama angevaa kijani, ningelala mu pori.

Bukari, ugali wetu, bila mboga.

Siku ya kazi ya tatu, tarehe 6

Nimemusamehe. Aliuliza kosa gani. Nilimwambia asianze.

Bati tano tupu, makopo ya maziwa, juu ya kichuguu, hatua makumi tatu. Nilisema kwa sauti ya padiri: kiwiko chini, shavu ku mbao, usivute, finya. Akapiga. Bati ikaruka. Ya pili ikaruka. Nilisema ni upepo. Ya tatu, ya ine. Upepo tena. Ya tano nilimwambia amekosa kabisa, nimeona na macho yangu. Alinishika mukono, akanipeleka mpaka ku kichuguu, akapitisha kidole changu ku matundu ya bati hiyo. Matundu saba ya chembe za risasi.

Nilimwambia ni kutu. Bati mupya, kutu! Hata miye nilijisikia mujinga.

Miaka makumi ine ya ndoa hajanishika mukono mu pori. Ulikuwa na joto. Hiyo haimo mu masomo.

Siku ya posho, tarehe 9

Kanga mbili kwa risasi moja! Zikiruka! Nilizifunga mu shingo yangu kabla hazijapoa. Nimepita cité yote polepole, na mbele ya Symphorien mara mbili. Nilimuonyesha namna nilivyopiga: muguu mbele, tumbo ndani, jicho moja limefungwa. Akauliza, kweli Muzee Kisimba, risasi moja? Nilimwambia ningetumia nusu kama wangeuza nusu.

Mama Nicolas alichukua ndoo. Ku robinet wamemupisha achote wa kwanza. Emérance, mukubwa wa midomo yote ya pale, amemuita mama muheshimiwa. Amerudi na ndoo akiimba. Akaniambia: Baba Nicolas, iko vizuri hivi, tuendelee hivi. Jina uchukue lote. Miye unirudishie heshima yangu tu.

Vizuri. Lakini kitu kimoja kinanikwaruza. Kanga zilipoanguka aliniuliza: umeona? Vile unavyouliza mutoto.

Siku ya kazi ya pili, tarehe 12

Ndege, mwanamuke anaweza. Swala ni kitu kingine. Swala iko na pembe. Leo nimechukua bunduki mwenyewe.

Karibu na muto Lufira Mama Nicolas alininong'oneza: pale, kushoto ya kichuguu, swala anakula, acha miye nipige. Nilimwambia anyamaze, ninamuona. Niliona vichuguu viwili. Nikachagua kimoja. Hicho hakikukimbia. Kingine kilikimbia.

Tumerudi watupu. Ku robinet Symphorien alikuwa anasafisha bakuli za sungura. Eh Muzee Kisimba, leo tena? Wote wakaweka ndoo chini. Mama Nicolas alisimama pembeni yangu, ananiangalia miye tu. Ningeweza kusema nimekosa. Nimekosa, neno moja tu, hata mutoto wa shule analiandika.

Nilisema: mumuulize yeye, siku ya Mungu jioni alikuwa wapi.

Siku ya Mungu jioni alikuwa ku kanisa, anafagia. Ninajua. Lakini ni desturi! Kila mwindaji anasema hivyo, neno linapita, watu wanacheka, kesho limekwisha.

Hakupika. Anakunja vikwembe vyake.

Siku ya kazi ya tatu, tarehe 13

Ameenda mu pori na bunduki yangu. Peke yake!

Saa sita alirudi mikono mitupu. Alisimama ku robinet, akasema kwa sauti kwamba ni yeye aliyepiga na ni yeye aliyekosa. Na kanga za siku ya posho alipiga yeye. Na swala ya jana niliikosa miye, sababu sioni. Mwanamuke wa kutangaza siri za nyumba namna hii!

Halafu Emérance aligeuka polepole, akanitazama miye mu mulango wangu. Akauliza: kama mwindaji ni Mama Nicolas, na Mama Nicolas amekosa leo, basi Baba Nicolas alibaki na nani nyumbani?

Kuniuliza miye! Miaka makumi sita na sita, mbatizwa, mwenye mugongo mubaya! Nilisema nilibaki na kikohozi. Wakauliza kikohozi hicho ni binti ya nani. Symphorien akasema anashuku mbuzi. Wakashikana mabega kwa kucheka. Nimefunga mulango.

Ni desturi ya kijinga. Kumuharibia jina muntu asiye na kosa, bila mushahidi! Nani aliyeianzisha?

Siku ya kazi ya ine, tarehe 14

Swala. Dume. Risasi moja nyuma ya bega, pale pale nilipomufundisha.

Ndugu ya Mama Nicolas, Fidèle, alifika asubuhi na camionnette, gari dogo la mizigo, ya kuazima, sababu dada yake alimutumia habari. Ni yeye aliyebeba nyama kutoka mu pori. Mama Nicolas aliipasua mu lupango yetu, mbele ya nyumba, wote wanatazama. Kifua na mbavu kwa sikukuu. Kichwa kwa Emérance. Maini kwa Symphorien! Maini! Miye aliniletea muguu moja wa nyuma, akauweka ku meza.

Kila mwindaji anajua muguu huo. Ni sehemu ya muntu aliyeazimisha bunduki.

Akasema: asante, Muzee Kisimba. Siyo Baba Nicolas. Muzee Kisimba, kama anaongea na muntu wa barabara.

Muguu ulikuwa na mafuta. Sikuula wote.

Siku ya kazi ya tano, tarehe 15, sikukuu ya Mama Maria

Padiri alimushukuru Mama Hortense mu misa. Jina langu halikutajwa. Bunduki ya nani? Karatasi ya nani?

Tulikula mu uwanja wa kanisa. Munkoyo mingi ya kunywa. Camionnette ya Fidèle ilikuwa kando, na mizigo ya Mama Nicolas juu: vikwembe, sufuria mbili, kinu. Kinu! Muntu anayeenda kusalimia ndugu habebi kinu.

Alikuja kwangu, akaniambia bila hasira: simama, sema mbele yao kwamba ulinisingizia. Hayo tu. Ukisema, mizigo nitaishusha mwenyewe, na leo utakula chakula cha moto.

Nikasimama. Nasema kweli, nilisimama na neno mu mudomo. Nikakohoa. Wote wakanigeukia, hata Symphorien aliondoa kofia. Mama Nicolas alishika mukono ku mulango wa camionnette, anangoja. Uso wake sikuuona vizuri. Niliona kitambaa tu.

Lakini watu walikuwa wananisikiliza. Wote! Tangu niache kazi watu hawajanisikiliza hivyo. Nikaanza na nyati ya 1938. Mara moja tu, kwa kupasha sauti. Halafu nikaeleza namna mwalimu muzuri anavyoweza kumufundisha hata mwanamuke mwenye magoti mabaya, kwa uvumilivu, bila kelele. Neno lenyewe nililiweka kwa mwisho.

Nilipofika ku pembe za nyati, nilisikia motere ya camionnette inawaka.

Nilimaliza hadithi. Huwezi kuacha nyati mu katikati.

Siku ya Mungu, tarehe 17

Nyumba iko na mwangwi. Bukari nimepika mwenyewe, imekuwa mawe. Emérance alipita, akaniuliza kama nimetuma habari ku Mulungwishi. Nilimwambia simutumi muntu, miye ninajua kuandika.

Benoît, dereva wa camion, anapita Mulungwishi kesho. Amesema atabeba barua. Nimekaa nayo tangu misa. Kurasa tatu, maandishi makubwa. Nimemueleza Hortense kwa nini alikosa tarehe 13. Alivuta, hakufinya. Na shingo anailaza kuume kupita kiasi, niliona tangu somo la kwanza nikanyamaza kwa ajili ya ndoa. Nimemwambia pia kwamba nimemusamehe maini.

Benoît alipita kuangalia kama iko tayari. Akasoma. Akasema, Muzee, musamaha unauomba wapi humu? Nilimujibu barua hii ni ya bunduki.

Ametoka. Nimeitazama tena. Ni kweli, kwa mwisho kulibaki nafasi, mistari miwili mizuri, mitupu. Nimechovya kalamu. Nimekaa mpaka wino ukakauka. Nikachovya tena, nikaandika: Mama Nicolas, kosa ni ya shingo.

Nikasoma. Haikutosha, niliona hivyo mwenyewe.

Nikaongeza: na kiwiko.