Kipima Mitetemo Nyuma ya Jiko

Jumatatu, 4 Machi
Naibu wa kituo chetu cha kuchunguza volkano anastaafu. Nafasi moja, watu wawili: mimi na Miwani. Miwani! Juzi tu kaja, tayari Mkuu anamwita mwanangu. Mimi, miaka yote hii, ananiita wewe.

Mkuu katuhubiria tena. Eti dalili ya mvua ni mawingu, lakini wingu moja si mvua. Mlima ukitaka kulipuka utatetemeka, ardhi itavimba, gesi itaongezeka. Ukiona dalili moja tu, kagua kwanza chombo chako. Nimepiga miayo mdomo umefungwa.

Kazi yangu ni kukagua kipima mitetemo cha kituo cha tatu, kule juu mlimani. Kupanda kila siku! Magoti yamegoma. Mchumia juani hulia kivulini, wanasema. Kwa nini nisichumie kivulini kabisa? Jioni nimekishusha kile kipima, nikakifukia nyuma ya jiko langu. Ardhi ni ile ile.

Jumanne, 5 Machi
Makubwa! Mistari ya kituo cha tatu inaruka kwenye skrini ya ofisi. Kwa mpigo mmoja: du, du, du. Nikamwahi Mkuu. Miwani akadai gesi haijaongezeka wala ardhi haijavimba. Mwenye wivu ajinyonge. Mkuu kaniita bwana!

Nyumbani nimemkuta mke wangu bado anatwanga mahindi. Nikamwambia mumewe sasa ni mtu mkubwa. Akasema basi mtu mkubwa achote maji.

Jumatano, 6 Machi
Mama mkwe anaishi mlimani. Nikimwokoa, labda ataacha kuniita yule. Nikampigia simu afungashe. Kaja na mbuzi, kinu na mchi wake. Kachukua kitanda. Mimi nalala sakafuni, mbuzi ananilamba nyayo. Wokovu una gharama.

Alhamisi, 7 Machi
Mitetemo maradufu! Nikamsihi Mkuu atangaze watu wahame. Akasema kwanza atapanda kuona kituo cha tatu kwa macho yake. Nikasema njia mbaya. Akasema ana miguu.

Akakuta shimo tupu. Akaja moja kwa moja kwangu. Nyuma ya jiko, mke wangu na mama yake walikuwa wanatwanga, kila mmoja na kinu chake. Mkuu akamwamkia mama mkwe, akawaomba wapumzike kidogo. Miwani, akiwa ofisini, akasema kwenye simu kwamba mistari imelala. Mkuu akawaomba waendelee. Miwani akasema imeamka. Mama mkwe akaniangalia toka juu hadi chini, akauliza kama volkano yenyewe ni yeye na mchi wake. Nilitamani ardhi inimeze, hata kama haijavimba.

Ijumaa, 8 Machi
Miwani ndiye naibu. Mimi nimeamriwa kurudisha chombo juu. Mama mkwe naye kaapa: haniamini tena, hatoki kitandani pangu mpaka kituo cha tatu kikae kimya siku nzima. Sawa! Kitakaa.

Nikabeba. Jua kali, chombo kizito, magoti yale yale. Katikati ya njia nikaona kivuli kizuri, karibu na akina mama wanaogonga kokoto. Nikakifukia chombo hapo. Nani atajua?

Nimerudi ofisini. Mistari inaruka kuliko jana! Na safari hii jiko liko mbali, kwa hiyo ni mlima wenyewe. Lisemwalo lipo, kama halipo, laja. Nimempigia simu mama mkwe asithubutu kufungasha.