Mabenki Sita ya Kanada na Zamu ya Editha

Jumatatu, tarehe 12 Mei

Munira! Nikikukuta tena umefungua daftari hili, vidole hivyo navitia kwenye kinu. Mwanamke mzima, umeolewa mara mbili, bado unachungulia mambo ya mama yako! Lifunge. Kapike.

Kaondoka. Haya.

Leo nimekusanya mchezo, upatu wetu wa mwezi. Wanawake ishirini, kila mmoja elfu sitini. Milioni moja na laki mbili. Hakuna aliyechelewa. Nani athubutu? Miaka thelathini na moja mie ni kijumbe hapa Kiwalani, pesa za wenzangu zinapita mkononi mwangu, na zamu ya mtu haijaruka hata siku moja. Mafuriko, nimelipa. Mume wangu kafariki, nimelipa, bado niko eda. Shule yangu ni kisomo cha watu wazima, tena sikumaliza. Lakini neno langu halijalala njaa.

Zamu hii ni ya Editha, muuza chapati. Anapokea Jumapili saa kumi. Kapata fremu ya duka pale njia panda, na mwenye nyumba anataka kodi siku hiyo hiyo kabla ya magharibi. Asipolipa, fremu anapewa kinyozi. Masika yote haya Editha anapika chini ya mwavuli, chapati zinaloa. Namhurumia, ingawa chumvi anazidisha.

Sasa, pesa zilale siku sita chini ya godoro langu, zinafanya nini? Zinakoroma?

Raudha, binti wa Munira, yuko Kanada analea wazee wa watu. Kaniambia kwao kuna mfuko. Unanunua kipande kimoja tu sokoni, ndani yake una mabenki sita makubwa ya Kanada kwa mpigo. Moja ikiyumba, tano zinaibeba. Nikacheka. Huo si mchezo huo! Wanachama sita! Nikauliza kijumbe nani. Akasema yupo msimamizi, anakata kidogo kila mwaka. Mjukuu wangu, unanifundisha kazi yangu?

Nina sababu. Bi Tabu wa ng'ambo ya mfereji naye siku hizi anajiita kijumbe. Idi iliyopita kawapa wanawake wake doti ya kanga kila mmoja. Wawili wangu wameshahamia kwake. Kwa kanga! Faida ya Kanada nitanunua doti ishirini, zenye maneno ya kumchoma.

Jumanne, tarehe 13 Mei

Akili yangu naiogopa mwenyewe. Kila mwezi Raudha humtumia mama yake pesa za nyumba anayojenga Kinyerezi. Nimemwambia mwezi huu asitume. Munira nimempa mie zile za mchezo, hapa hapa. Raudha naye za kwake kaziweka kwenye mfuko kwa ajili yangu. Jumamosi atauza, atanirushia kwenye simu. Pesa imefika Kanada bila kupanda ndege!

Munira kaenda mbio kununua bati.

Raudha kasema, Bibi, mfuko huu ni wa kuweka miaka kumi. Nina miaka sabini na moja. Nikamwambia hiyo miaka kumi awape wazee anaowaogesha, mie naweka mpaka Jumamosi.

Jumatano, tarehe 14 Mei

Zimepungua elfu tisa! Siku moja tu!

Nimepiga simu mchana kweupe, mtoto kapokea na usingizi. Kumbe kwao hakujapambazuka. Nikamuuliza jana ilikuwa zamu ya benki gani kutoa. Akasema hakuna zamu, Bibi, bei inapanda na kushuka. Nikasema anitajie iliyochelewa, na namba ya mkubwa wake. Nikamwambia amfikishie kijumbe wao: benki iliyochelewa isimamishwe mbele ya wenzake, isemwe mpaka ilie. Huku ndivyo tunavyofanya, na watu wanatoa.

Ijumaa, tarehe 16 Mei

Si niliwaambia? Wamesemwa, wametoa! Bei imepanda. Faida elfu kumi na moja.

Nilipokuwa bombani nikamwambia Bi Tabu mie sasa nina sehemu kwenye mabenki sita ya Kanada. Akauliza kama yanakopesha ndoo, maana yangu inavuja. Mwanamke huyo ana husuda mpaka kwenye visigino.

Kanga doti moja inataka kama elfu kumi na mbili. Faida yangu haitoshi hata moja, na wanawake ni ishirini. Niwakatie vitambaa vya pua? Raudha kapiga, kasema Bibi, tuuze leo, ndiyo siku ya mwisho. Nikamwambia biashara ikinoga mtu haondoki sokoni. Kesho. Akaanza, Bibi nisikilize, kuhusu Jumamosi. Nikakata simu. Sitishwi na mtoto niliyembeba mgongoni.

Jumamosi, tarehe 17 Mei

Soko limefungwa.

Soko gani linafungwa Jumamosi! Jumamosi ndiyo siku watu wana pesa! Nikasema basi kesho. Na kesho limefungwa. Keshokutwa? Keshokutwa sikukuu ya malkia. Nikauliza anaolewa? Ni malkia wa Waingereza, Bibi, alishakufa zaidi ya miaka mia moja. Kafa, kazikwa, kaoza, na bado anawafungia watu soko!

Watauza Jumanne. Pesa nitaipata Jumatano. Raudha mwenyewe hana akiba, mshahara wake mpaka mwisho wa mwezi. Kalia kwenye simu. Nikamwambia anyamaze, kosa si lake, na neno hilo sitalirudia.

Nimemwambia Munira arudishe bati dukani. Zimeshapigwa misumari.

Nimekaa kitandani. Miaka thelathini na moja.

Jumapili, tarehe 18 Mei

Saa kumi wamejaa uani. Editha mbele, kavaa gauni la kanisani, kaja na mkoba mpya wa kutilia pesa. Mkoba! Nikashindwa kumtazama.

Nikawaambia leo hatutoi, nyumba ina msiba. Wa nani? Nikasema malkia wa Kanada, upande wa mjukuu wangu. Inna lillahi! Sijafunga mdomo, mmoja keshatandika kanga chini, rambirambi zinadondoka. Mwingine kauliza uji upikwe wapi. Bi Tabu, ambaye hakualikwa, kasimama mlangoni akauliza marehemu anazikwa lini. Nikasema keshazikwa. Akauliza alikuwa anaumwa nini. Nikasema maiti haihojiwi.

Editha katoa elfu tano. Za chapati, zina unga. Kanishika mkono, kasema pole, Bi Mwanaasha, nitamwomba mwenye nyumba, labda atanielewa. Akaondoka na mkoba mtupu.

Mwenye nyumba yule haelewi hata mvua. Nikaingia ndani nikalia. Munira, hilo usimwambie mtu.

Jua linashuka, mlango wa nyuma unagongwa. Bi Tabu. Kafungua fundo la kanga, ndani milioni moja na laki mbili, za mchezo wake, atakazotoa Alhamisi. Kasema mjukuu wake kaangalia kwenye simu, huyo malkia kafa enzi za Mjerumani. Nikaanza kuhesabu noti. Kasema mwite Editha, mpe kwa mkono wako, watu wasijue. Kijumbe mmoja akianguka mtaa huu, hakuna atakayemwamini wa pili.

Nilitaka kumshukuru. Nikamwambia viatu vyake vimenitilia tope sebuleni. Akasema hata malkia wako angekuwa na adabu zaidi.

Editha kalipa kabla ya adhana. Kinyozi kakosa.

Jumatano, tarehe 21 Mei

Zimeingia! Zote, na faida baada ya makato: elfu nne. Bi Tabu nimempelekea zake mie mwenyewe, jioni hii hii. Rambirambi nimewarudishia, nimesema familia ya malkia inajiweza.

Elfu nne imenunua sukari kilo moja, ya Bi Tabu, na chapati mbili fremuni kwa Editha. Chapati kavu kabisa, haijaguswa na tone la mvua. Chumvi bado anazidisha.

Bi Tabu kapokea sukari, kisha kanivuta pembeni. Kauliza kwa sauti ya chini, hao wa Kanada wanapokea wanachama wapya? Nikamwambia nitamfikiria.

Nimekaa nikatafuta kosa lilikuwa wapi. Mfuko hauna kosa. Mabenki sita hayana kosa. Mie sina kosa, hilo linajulikana. Kosa ni la malkia.

Munira, najua umesoma mpaka hapa. Futa machozi ya kicheko, funga daftari, mpigie Raudha sasa hivi. Anitafutie nchi yenye mabenki sita na haijapata kuwa na malkia. Anijibu kabla sijakusanya mchezo wa Juni.