Ombi la Kurudishiwa Ufunguo Uliozuiliwa na Kamati ya Viatu

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Viatu ya Ukoo
(ambaye pia ni Baba Mkubwa wangu)

Mheshimiwa Mwenyekiti, shikamoo.

KUHUSU: UFUNGUO WA PIKIPIKI YANGU, ULIOMO KATIKA MFUKO WA KOTI LAKO

Nakuandikia ingawa tunaishi ukuta kwa ukuta, na nikipiga chafya huku wewe unaniombea afya huko. Nafanya hivyo kwa sababu kikao kilichopita kiliagiza kwamba neno lolote kuhusu pikipiki liletwe kwa maandishi. Natii.

Sote tunajua kwamba ukoo wetu haufanyi jambo bila kamati. Tuliunda kamati ya kuchagua rangi ya geti, na geti mpaka leo lina rangi ya kutu. Kwa hiyo sikushangaa siku pikipiki yangu iliposhushwa mlangoni, ukaomba ufunguo "niuone tu", ukauona, ukautia mfukoni, kisha ukatangaza kwamba nitaupata nikishapata viatu vinavyofaa. Nilisema sawa. Nilidhani viatu ni kitu cha kununua.

Jumatatu naanza kazi katika ofisi ya maji: kuzunguka kwenye visima na mabomba, kuchukua sampuli na kuzipima. Kazi hiyo nimeisomea mpaka macho yakadai miwani. Sharti lake ni kuwa na usafiri wako, na mkuu wa maabara hakuzungusha maneno: "Dada, Jumatatu ukija kwa miguu, utarudi kwa miguu hiyohiyo. Kuna mwenzako anaitaka nafasi, na pikipiki anayo." Kwa hiyo, kwa unyenyekevu wote, nawasilisha malalamiko yafuatayo.

1. Kikao cha kwanza kilitumika chote kulaani kandambili, ilhali hakuna mjumbe aliyezitetea. Mimi mwenyewe nilikuja tayari nimezilaani. Hata hivyo ulivua kiatu, ukavua soksi, ukauweka mguu wako wa kulia juu ya stuli ili tuone pale ambapo cheni ya pikipiki ilichukua vidole vyako ujanani, siku uliyotoka na kandambili kwenda mahali ulikosema ni karibu. "Mnaona?" ukauliza. Tuliona. Tumekuwa tukiuona mguu huo tangu tunatambaa. Mama aliinuka akaenda kuangalia chai ambayo ilikuwa haijabandikwa. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kuzungumzia viatu, na kikao kikaahirishwa. Silalamikii mguu, Baba Mkubwa. Nalalamika kwamba haukuwa kwenye ajenda.

2. Kikao cha pili kilijadili raba zangu nyeupe. Mjomba, ambaye ni fundi wa malori na hawezi kuona kitu kinachoning'inia bila kukikaza, alishika kamba za raba akasema, "Hizi zikidakwa na pedali ya gia, mguu haushuki chini ukisimama. Pikipiki inalala, na wewe unalala nayo." Hoja nzuri. Nikasema nitazichomeka kamba ndani. Shangazi akadakia bila kuinua macho kwenye cherehani yake, "Huyu achomeke? Huyu anayeweka miwani kichwani kisha anatuamsha nyumba nzima tumtafutie?" Kicheko kilichofuata kimeandikwa kwenye kumbukumbu za kikao kama "uungaji mkono wa wajumbe wote". Mimi pia ni mjumbe. Sikucheka.

3. Shangazi akaleta gambuti. Ni za njano, na ndani ya moja ingeweza kukaa miguu yangu yote miwili na kuelewana. Nilipolieleza hilo nikaambiwa, "Utakua." Baba Mkubwa, nina shahada. Nilikua nikamaliza.

Hata hivyo gambuti zilifanyiwa jaribio. Mjomba aliiwasha pikipiki (kwa ufunguo wangu, uliomkopesha wewe, ambao mimi sikuruhusiwa hata kuushika), akasubiri bomba la moshi lipate moto, akaligusisha gambuti. Mpira uliyeyuka. Harufu yake iliingia kwenye nguo za Mama zilizokuwa kwenye kamba, na mpaka leo nikimkumbatia nahisi nimekumbatia gurudumu. Kama mtu wa maabara nalipongeza jaribio hilo: lilikuwa wazi na lenye matokeo. Lakini kumbukumbu zinasema kasoro yake ni kwamba "mguu wa mhusika haukuwemo ndani ya kiatu". Naomba sentensi hiyo ifutwe kabla mjumbe yeyote hajaichukulia kuwa ni pendekezo.

4. Hapo ndipo nilipoamua kutafuta mwenyewe. Nilipita kwa wauza mitumba, nikapinda soli, nikabonyeza visigino, nikanusa ngozi, mpaka nikapata buti. Ni za ngozi nene, zinapanda juu ya kifundo cha mguu na kukibana bila kukinyonga. Ncha ni ngumu. Juu ya kidole gumba cha mguu wa kushoto kuna kiraka cha kupokea gia. Soli haitelezi hata kwenye oili iliyomwagika. Zinafungwa kwa zipu iliyofunikwa, na hakuna kinachoning'inia. Nikazileta mbele ya Kamati kama mtu anayemleta mchumba.

Zikapokelewa kama mchumba kweli, yaani kwa mashaka. Shangazi alisema, "Nani ataoa mtu mwenye miguu ya askari?" Mama akamjibu, "Kwani wifi, wanaoa walio kwenye plasta?" Wakanuniana mpaka chai ilipoletwa. Mjomba alizikunja, akazivuta, akajaribu kuing'oa soli kwa koleo, ikakataa. Akasema, "Hizi ndizo." Na hapo, Mheshimiwa Mwenyekiti, ndipo ulipokohoa na kutoa uamuzi ambao nimeusoma mara nyingi nikitafuta mlango wa kutokea: kwamba buti haziwezi kupitishwa kabla ya kuonekana zikiendesha pikipiki, na kwamba pikipiki haiwezi kuendeshwa kabla buti hazijapitishwa.

Kwa kuheshimu uamuzi huo nimekuwa nikifanya mazoezi jikoni. Nakaa juu ya stuli nikiwa na buti zangu na kofia ngumu, natia gia ambazo hazipo, nakata kona kwenye kabati. Mdogo wangu aliyekuja likizo kutoka chuoni hunipigia honi kwa mdomo. Juzi wewe mwenyewe ulipita dirishani, ukasimama, ukaniambia kwamba nashika breki kwa kuchelewa. Nilikushukuru. Ni baadaye tu, nikiwa nimelala, nilipojiuliza tumefikaje hapa.

5. Kwa kuwa sasa imethibitika kwamba usalama unapatikana kwa kukaa vikao, naomba Kamati isiishie njiani. Bafuni kwetu pana utelezi ambao haujawahi kujadiliwa. Ngazi za nyuma hupandwa na watu wenye kandambili mchana kweupe. Kitanda changu kina miguu minne, na hakuna hata mmoja wenye kiatu. Naomba shughuli hizo zote zisimame mpaka wajumbe wapate nafasi.

6. Kuhusu Jumatatu, napendekeza njia tatu, na Kamati ichague itakayoiona nafuu. Ya kwanza: wenye visima waombwe wavilete hapa uani, nivipime nikiwa nimekaa. Ya pili: buti ziende kazini zenyewe. Mjomba ameshazikubali, mimi bado hajanikubali mtu, kwa hiyo ni haki ziajiriwe zilizofaulu. Zitapanda basi, zitafika mapema, na mkuu wa maabara hatapata kosa kwazo isipokuwa ukimya. Ya tatu: niiache miguu yangu kwako, kwenye rafu ile ile unakoweka koti lenye ufunguo. Huko haitaungua, haitavunjika, wala haitakwenda popote. Najua ungeitunza vizuri. Ungeipiga hata kiwi.

7. Hili la mwisho sikutaka kuliandika. Tangu baba yetu afariki umekuwa ukitujadili kama mtu anayehesabu watoto gizani kwa kuwagusa vichwa. Nimegundua kwamba kila tunapokaribia kuamua, unaahirisha. Nadhani unajua kwamba siku kikao kitakapokwisha, mimi nitaondoka. Lakini Baba Mkubwa, nitaondoka kwenda kupima maji, na jioni nitarudi. Nikiikosa kazi hii, nitabaki na miguu yangu yote, mizima, chini ya meza ya jikoni. Sidhani huo ndio usalama ulioniombea.

Kwa hayo machache ambayo yamekuwa mengi, naomba ufunguo wangu urudishwe kabla ya Jumatatu, na Kamati ivunjwe kwa heshima zake zote na chai ya mwisho.

Nisalimie Mama Mkubwa na umwambie magimbi yake yamefika salama. Msalimie Shangazi, mwambie sijanuna. Msalimie Mjomba, na koleo lake. Wasalimie wote watakaokuja kuisoma barua hii begani kwako.

Ni mimi mwanao mtiifu, mjumbe asiye na kura,

Binti mkubwa wa mdogo wako.

NYONGEZA: Nilikuwa nalamba bahasha Mjomba alipoingia na ufunguo. Alisema umempa bila kikao, na umesema neno moja tu: "Avae." Nikavaa. Nikatoka, nikaiwasha, ikanguruma chini yangu, na nilikuwa na furaha ambayo sitaiandika hapa.

Ndipo mdogo wangu akatoka bafuni, nywele zinachuruzika, kandambili miguuni, akanishika mkono. "Dada, niazime kidogo. Naenda dukani. Hapo tu!" Nikaangalia vidole vyake. Alikuwa amevipaka rangi nyekundu. Nilijisikia nikimwambia, kwa sauti ambayo haikuwa yangu, kwamba suala hilo litabidi lipelekwe kwenye kikao.

"Kikao gani tena?" akasema. "Si wewe uliyekuwa unalia na kamati?"

Nimezima pikipiki. Ufunguo nimeufungia ndani ya bahasha hii, kwa sababu nikilala sisikii kitu na yeye anajua kila mahali ninapoficha vitu. Tafadhali kaa nao. Jumatatu asubuhi nitaupitia, na kila jioni nitaurudisha, mpaka Kamati, ambayo naomba isivunjwe, imsikilize na kumtafutia viatu. Tusiharakishe.

Amenuna. Amesema hata yeye anajua kuandika barua.