Ombi la Kutangazwa Mpishi Mbovu wa Japchae

Daejeon,
Siku tisa kabla ya Chuseok

Kwa Mama Mkwe, Bibi Ha Bun-i,
Jiko la Ukoo wa Nam,
Yeongju.

Mama Mkwe ninayekuheshimu,

YAH: KUVULIWA SIFA

Natumai goti limepoa na pilipili zako zilikauka kabla ya mvua ya juzi. Sisi huku hatujambo. Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu huwa unaniambia, "Tutaongea ukija," na nikija huwa nasimama jikoni kuanzia alfajiri, hatuongei.

Mama, mimi mkazamwana wako Pyo Mi-hyang nalalamikia sifa. Kwa miaka kumi na tisa familia yako imeisifia japchae yangu, tambi za kuchanganya na mboga na nyama, kila sikukuu ya mavuno ya Chuseok, na sifa hizo zimenifunga kuliko pingu. Naomba nieleze kwa utaratibu.

1. Kosa la kwanza ni langu, nalikiri. Nilipoolewa, mama yangu alinionya: "Mwaka wa kwanza unguza kitu, mwanangu. Chochote." Sikusikia. Nilipika karoti peke yake, vitunguu peke yake, uyoga, nyama, yai, kila kimoja kwa zamu yake, kisha nikavichanganya na tambi za viazi vitamu kwa mikono mitupu, mafuta ya ufuta yakinichuruzika hadi kiwikoni. Marehemu Baba Mkwe akaonja, akaweka vijiti chini, akasema, "Huyu mtoto ana mkono wa mapishi." Tangu siku ile hakuna mwanadamu mwingine wa nyumba hiyo aliyegusa kikaango cha japchae.

2. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nimelitia maji, Mama, nanyi mkayasifu maji. Miaka minne iliyopita niliweka chumvi mahali pa sukari, kwa makusudi. Baba mdogo Pil-jung akafumba macho akasema, "Mwaka huu ina upepo wa pwani." Mwaka uliofuata niliziacha tambi zivimbe mpaka zikagandamana, tukazikata kwa mkasi vipande kama sabuni. Wewe mwenyewe ulisema, "Zimeshikana kama familia yetu," ukafuta machozi. Mwaka jana nilikata tamaa, sikuweka tambi kabisa. Niliandaa sahani ya mboga tupu. Baba mdogo akala, akatikisa kichwa kwa heshima, akasema, "Safari hii umezilainisha hata hazionekani."

3. Suala la kuonja. Najua mpishi hawezi kujiamini peke yake, lazima mtu amwonjee chumvi. Lakini katika nyumba yako wanaume kumi na mmoja wanaonja. Mume wangu Tae-sik hulala mbele ya televisheni tangu asubuhi, hasikii mtoto akilia wala mlango ukigongwa, ila nikinyunyiza ufuta tu huwa yuko nyuma yangu mdomo wazi. Mmoja husema imekolea, mwingine haijakolea, mwingine anaomba aonje tena ili awe na uhakika. Kilo nne huingia kwenye beseni, kilo mbili hufika mezani. Mababu zetu waliofariki wanaletewa makombo, nao ndio wenye sikukuu.

4. Hili naliandika bila utani. Mama yangu yuko Mokpo, ana miaka sabini na minne, anakaa peke yake. Tangu niolewe sijawahi kuamka kwake asubuhi ya Chuseok. Tunafika kesho yake jioni, vitafunio vya mchele vimeshakuwa vigumu, naye hunikaribisha kwa kusema, "Wala sikuwa na njaa." Naumia kila mwaka, Mama, na kila mwaka nasema mwaka ujao.

Kwa hiyo naomba yafuatayo.

Kwanza, nipewe cheti kinachothibitisha kwamba mimi ni mpishi mbovu, kigongwe muhuri wa ukoo kwa wino mwekundu, kisomwe kwa sauti mbele ya meza ya mababu kabla ya kusujudu, ili na wao wajue na wasiniulizie.

Pili, jukumu lote apewe Bang Ye-rin, mke wa shemeji yangu Gyu-sik. Ana miaka thelathini na moja na magoti mazima. Kazi yenyewe haina ufundi wowote, hata mtu mwenye usingizi anaiweza. Nimeshampa maelekezo.

Tatu, endapo ukoo utaona mkono aliousifu Baba Mkwe hauwezi kuachiliwa, niko tayari kuutenganisha na mimi. Nimetuma kwa posta mkono wa plastiki niliouomba kwenye duka la glavu linalofungwa. Ni wa kulia, saizi yangu, na umeshavaa glavu. Uwekwe karibu na jiko, usifiwe kadiri mnavyotaka. Mwili uliobaki utakuwa Mokpo.

Naamini utalitazama hili kwa moyo uleule unaogawia kimchi majirani. Msalimie baba mdogo Pil-jung na ulimi wake, wasalimie waonjaji wote kumi na mmoja, mbwa wako, na yule jirani anayetazama juu ya ukuta kila nikishusha kikaango.

Ni mimi mkazamwana wako mtiifu, asiyejua kupika,

Pyo Mi-hyang

N.B. Nilikuwa najiandaa kwenda posta Ye-rin alipopita kuniachia bakuli la japchae aliyojifunzia. Nililiweka mezani nikaenda kuoga. Niliporudi Tae-sik alikuwa amelimaliza. Akapangusa mdomo akasema, "Ya leo umeipatia. Afadhali hata kuliko ya zamani."

Mama, tafadhali usisome hayo ya juu. Nitafika Jumatano asubuhi na kikaango changu. Nunueni kilo tano. Ye-rin asiguse tambi, atamenya vitunguu, na atamenya nje.

Nimeshampigia mama yangu simu kumwambia kwamba mwaka huu pia siji. Sikumsikia akinung'unika. Aliniuliza jambo moja tu, kama kweli ya yule msichana ilikuwa tamu. Nilionja iliyobaki ukingoni mwa bakuli, Mama, sikuweza kumdanganya. Nikasema tamu sana. Akaniambia, "Basi wahi mapema. Mimi wala sina njaa."