Kuzinduliwa kwa Akili Mnemba Skuli ya Mchungwani

Mheshimiwa Mwenyekiti wa hafla hii, ambaye kwa bahati njema ni mimi mwenyewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye baada ya aliyealikwa kupata udhuru nimekubali kuwa pia ni mimi, Mheshimiwa Sheha na wasaidizi wa Sheha, Mwalimu Mkuu wetu Bi Nadhira, waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Kuratibu Mageuzi ya Kidijitali Madarasani, mliopo hapa na mliopo semina, waheshimiwa wazee mliopata viti, waheshimiwa wazee mliokosa viti, walimu, wanafunzi, na nyinyi mliokaa juu ya ukuta, shukeni: Assalaamu alaykum.

(Waalaykumu ssalaam. Wa ukutani hawashuki.)

Nimesimama mbele yenu hapa Jang'ombe, mimi Mahfoudh Khatib Mahfoudh, si kwa ajili ya kujisifu, maana sifa zangu zimo kwenye karatasi mliyopewa mlangoni, ukurasa wa kwanza hadi wa nne, bali kwa ajili ya kuzindua mambo mawili kwa mkasi mmoja: kwanza, Mradi wa Akili Mnemba Madarasani, na pili, filamu ya wanafunzi wa Mchungwani inayoeleza jinsi mradi huo ulivyofanikiwa. Hiyo ndiyo tunayoiita efishensi.

(Makofi. Dereva wake ndiye anayeanza.)

Akili mnemba ni nini? Wataalamu wanasema ni akili inayotoa majibu ya haraka juu ya mambo ambayo haikuyaona. Sasa nikuulizeni, hiyo ni ngeni kwetu? Sisi kwenye Kamati tunafanya kazi hivyo hivyo tangu siku ya mwanzo!

(Kicheko kikubwa. Mheshimiwa anakipokea kwa kuweka mkono kifuani.)

Kwa mujibu wa tathmini shirikishi iliyofanywa na mimi, kwa kuzingatia fremuweki, rodimapu na wadau wa ngazi zote, wanafunzi waliofikiwa na mradi huu Unguja nzima ni asilimia mia moja na nne. Wale asilimia nne ni waliochungulia dirishani. Nao ni watu, hatukuwaacha. Na hizo hapo mbele yenu, juu ya meza zilizotandikwa vitambaa vya kijani, ni kompyuta kumi na mbili za kisasa kabisa. Naam, wewe mwenye miwani, unanyoosha mkono. Jina?

"Maryam, Kidato cha Tatu. Shikamoo, Mheshimiwa."

Marahaba. Sema, mwanangu.

"Tuziwashe?"

Usiguse! Kaa chini. Mnaona, waheshimiwa, papara ya vijana. Kabla ya kuwasha panatakiwa mwongozo wa kuwasha, na kabla ya mwongozo panatakiwa kikosi kazi cha kuandaa mwongozo. Mataifa mengi yamefeli kwa sababu yalianza kuwasha.

(Sauti kutoka ukutani: "Kumbe!" Mwalimu Mkuu anatazama viatu vyake.)

Nije kwenye filamu. Nimeitazama jana, dakika zote tisa, na ninasema kwa masikitiko kwamba sikujiona hata mara moja. Badala yake, dakika ya tatu, anaonekana Mwalim Wakil, mwalimu wa Biolojia, kasimama mbele ya ubao na simu yake mwenyewe mkononi. Wanafunzi arubaini na saba wamemzunguka, wanaiuliza akili mnemba kwa nini mwani wa akina mama wa pwani unaoza maji yakipata moto. Jibu linafika nusu, bando linakwisha. Bando lake mwalimu! Halafu watoto wanaanza kubishana. Nassra, ambaye mama yake analima mwani, anasema hata hiyo nusu ina makosa, wao wameshaona mambo kinyume na inavyosema. Mwalim badala ya kuwanyamazisha anampa chaki aje achore ubaoni. Darasa zima linamsikiliza mtoto yule kama anasoma maulidi!

(Wanafunzi wanashangilia. "Nassra! Nassra!")

Nyamazeni. Hamuoni ubaya wake? Mmeonesha akili mnemba inafundishwa bila ya mradi. Watu wataondoka na picha gani? Mimi nimeelezwa kwamba filamu hizi ni filamu za ukweli. Sawa, ukweli tunaupenda, lakini ukweli nao unapitia ofisini.

Yupo hapa binti anaitwa Mwanakheir, ndiye aliyeiongoza filamu hiyo. Simama wakuone. Binti huyu na wenzake wanataka kuipeleka filamu kwenye mashindano ya skuli, ikishinda ioneshwe Ngome Kongwe, mbele ya wazazi na wageni. Mwisho wa kupokelewa ni leo saa kumi. Na masharti yanasema lazima kiongozi anayehusika aeleze mbele ya kamera mradi umefikia wapi, bila ya hivyo filamu haipokelewi. Basi kaja ofisini kwangu mara kumi na moja kuomba mahojiano. Mara ya mwanzo nilikuwa kikaoni. Mara ya nne nilikuwa nnakwenda kikaoni. Mara ya tisa nilikuwepo, lakini mwenye ufunguo wa ofisi hakuwepo. Kweli si kweli?

"Kweli, Mheshimiwa. Na mara ya kumi tulikuona dirishani, ukatwambia hupo."

(Kicheko. Mama mmoja anaziba uso kwa buibui.)

Na leo tena kanifuata mlangoni: "Mheshimiwa, dakika mbili tu." Mwanangu, kiongozi hahojiwi na watoto. Kiongozi anahutubia. Tafauti yake utaijua ukubwani. Filamu hiyo mtaikata, mtaondoa simu, mtaondoa mwani, mtaweka picha yangu nikikata utepe, na mwakani mtashindana, inshallah.

"Mwakani nshamaliza skuli, Mheshimiwa."

Basi atashindana mdogo wako. Sisi tunapanga kwa vizazi. Wewe binti uliyeshika kamera, Bashira kama sikukosea, chukua picha upande huu wa kulia, huo mwingine una jua. Sogea. Sogea zaidi. Sauti inaingia? Vizuri, kwa sababu ninahitimisha, na hitimisho ndilo linalobaki kwenye historia.

Nikisema Akili, nyinyi semeni Mnemba! Akili!

("Mnemba!" wanasema watu watano.)

Mchungwani!

("Mbele!" anasema dereva, peke yake.)

Shukrani. Namshukuru Bwana Bahadurali wa Mkunazini kwa kutuazima kompyuta hizi kumi na mbili kutoka dukani kwake. Asubuhi tumezizindua Mkokotoni, saa nne tukazizindua Kidichi, na sasa hapa. Bwana Bahadurali, amana yako tumeichunga, hata plastiki hatukuzivua, na gari ya keri, ile ya mizigo, ipo mlangoni izirudishe kabla mteja wako hajafika. Namshukuru fundi Pandu aliyebandika stika za mradi kwa namna zinavyobandukika bila ya kuacha alama. Nawashukuru wanafunzi wa skuli zote tatu kwa kukaa mbele ya mashine zilizozimwa na kukunja nyuso kama wanaosoma. Na juu ya yote naishukuru Kamati yangu. Mradi wenyewe haujaandikwa, haujapitishwa, wala haupo. Lakini umeshazinduliwa mara tatu kwa siku moja, na niambieni ni mradi gani uliopo umewahi kufika hapo! Ahsanteni sana.

(Hata dereva hapigi makofi.)

"Ahsante, Mheshimiwa. Ahsante sana."

Ahsante ya nini, Mwanakheir? Nimekwambia mahojiano sitoi.

"Hatuyahitaji tena. Bashira, zima. Imeingia?"

"Yote, dada. Mpaka ya plastiki."

(Nje, vespa ya Mwalim Wakil inawaka. Mwanakheir anapita katikati ya viti, kamera kaikumbatia, na watu wanampisha.)

Jamani, mbona anatoka? Mwalimu Mkuu! Tangu lini mtu akatoka kabla ya mgeni rasmi?

"Mwache aende, Mheshimiwa," anasema Bi Nadhira. "Kwani saa kumi iko mbali?"